Ukialikwa kwenye theluji, usishindane na mwenyeji

Siku hizi si ajabu Mkenya kuwa na ndugu, shemeji au rafiki anayeishi Austria, Uswisi au Ufaransa. Ukienda kumtembelea kati ya Desemba na Machi, yamkini atakupeleka kwenye milima ya Alps mwishoni mwa juma. Mchana mtateleza juu ya theluji kwa ubao, na jioni mtakula jibini iliyoyeyushwa mpaka mshindwe kuinuka.

Ni matembezi mazuri na sina nia ya kumkataza mtu. Isitoshe, Wakenya si wageni kabisa wa theluji. Philip Boit aliiwakilisha nchi yetu katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japan, mwaka wa 1998. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, alifanya hivyo Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka wa 2018. Lakini hao walifanya mazoezi kwa muda mrefu. Wewe una siku mbili tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko milimani mgeni hukabidhiwa ubao siku ya kwanza, naye kwa kuona haya hukubali kila anachoambiwa. Hapo ndipo taabu huanzia.

Kabla ya kusafiri

Mwone daktari wako mapema iwapo una pumu, shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, au iwapo wewe ni mjamzito. Hewa baridi na kavu huweza kuamsha pumu, kwa hivyo beba dawa yako ya kuvuta mfukoni, si kwenye sanduku. Baridi pia hupandisha shinikizo la damu, kwa sababu mishipa ya ngozi hujikaza. Anayetumia insulini aiweke ndani ya koti, karibu na mwili. Insulini iliyoganda huharibika na haifai kutumiwa hata baada ya kuyeyuka.

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, wahitaji uangalifu zaidi. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi huweza kumletea mgonjwa maumivu makali. Hata mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, na ambaye hajawahi kuugua, mara chache huweza kuumia wengu akiwa juu sana. Ukipata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, usidhani ni jibini ya jana. Shuka umwone daktari.

Jambo jingine ni bima. Viza ya Schengen huhitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini bima nyingi haziwalipii wanaoumia katika michezo ya theluji mpaka uongeze kipengele hicho. Soma masharti kabla ya kulipa, kwani kubebwa kwa helikopta kutoka mlimani si jambo la bei rahisi.

Mwinuko

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Zermatt, mji mashuhuri wa Uswisi chini ya mlima Matterhorn, uko takriban mita 1,600. Kwa hivyo mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti akifika mjini hapo, ingawa mwenzake wa Mombasa huenda akatweta kidogo.

Tatizo ni kwamba kutoka Zermatt waweza kupanda gari linaloning'inia kwenye nyaya na kufika Klein Matterhorn, mita 3,883, kwa muda usiozidi saa moja. Anayepanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, hutumia siku kadhaa, na mwili wake hupata nafasi ya kuzoea. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Ukizipata, usimeze dawa ya maumivu halafu uendelee kupanda. Tiba ya kwanza ni kushuka. Anayetweta akiwa ameketi, anayeyumba au kuchanganyikiwa ashushwe mara moja na apelekwe hospitali.

Kuanguka

Katika mchezo huu miguu yote miwili hufungwa kwenye ubao mmoja. Ukiyumba huwezi kutanguliza mguu ili ujiokoe, kwa hivyo mikono hutangulia yenyewe. Ndiyo sababu jeraha la kawaida zaidi kwa anayejifunza ni kuvunjika kifundo cha mkono. Vaa kinga za vifundo hivyo, ambazo hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na kofia ngumu ya kukinga kichwa. Vyote hukodishwa papo hapo.

Yafaa pia ujifunze kuanguka. Ukianguka kifudifudi, kunja ngumi na upokelewe na magoti na sehemu yote ya mkono kutoka kiwiko, si viganja. Ukianguka kinyumenyume, chutama, uketi kwa makalio na uinamishe kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mlipe mwalimu kwa saa mbili za kwanza hata kama mwenyeji wako ni hodari. Rafiki hukupeleka anakopenda yeye. Mwalimu hukupeleka unakoweza. Miguu ikianza kutetemeka, pumzika. Usikubali kuteremka "mara moja ya mwisho" ukiwa umechoka.

Iwapo umeumia mkono na unahisi maumivu ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, usiridhike hata kama picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake mara nyingi hauonekani siku za kwanza. Ukiachwa bila tiba huenda usiunge, na mkono ukabaki dhaifu. Daktari huufunga mkono kisha akarudia uchunguzi baada ya siku 10 hadi 14. Ukiwa umesharudi Kenya, usiipuuze miadi hiyo.

Aliyegonga kichwa asirudi kwenye theluji siku hiyo, hata akisema yu mzima. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali. Nambari ya dharura kote katika nchi za Alps ni 112.

Baridi na jua

Wengi wetu huogopa baridi na kusahau jua. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ngozi nyeusi hutukinga kiasi, lakini macho yetu hayana kinga hiyo. Asiyevaa miwani ifaayo hulala salama, kisha usiku huamka macho yakimwasha kana kwamba yamejaa mchanga. Vaa miwani hata kukiwa na mawingu.

Kuhusu baridi, uchunguzi uliofanyiwa wanajeshi wa Uingereza ulionyesha kwamba wenye asili ya Afrika huumizwa vidole na baridi mara nyingi kuliko wenzao weupe. Usingoje kuona wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hauonekani vyema. Kidole kikifa ganzi na ngozi ikageuka rangi ya majivu, ingia ndani. Kipashe joto kwapani. Usikisugue kwa theluji wala kukiweka karibu na moto, maana kidole kisichohisi huungua bila wewe kujua.

Mezani

Baada ya jua kutua huja chakula. Fondue ya Uswisi ni jibini iliyoyeyushwa kwa mvinyo mweupe, nanyi huchovya vipande vya mkate kwenye sufuria moja. Mtu mmoja hupimiwa takriban gramu 200 za jibini. Ikiwa ni Gruyère, hizo ni kalori 800 hivi kabla ya kuhesabu mkate, pamoja na gramu 2 hadi 3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asile gramu 5 za chumvi kwa siku. Mwenye shinikizo la damu ale nusu, ajaze nafasi kwa viazi vya kuchemsha, na asiache dawa zake.

Watu wazima wengi Waafrika huvimba tumbo wakinywa maziwa. Hao wasihofu jibini ngumu zilizokomaa kama Gruyère, kwani sukari ya maziwa imekwisha karibu yote. Wajihadhari na krimu na jibini laini. Asiyekunywa pombe aulize mapema, maana mvinyo umo sufuriani na aghalabu pombe kali pia. Asiyekula nguruwe naye aulize kuhusu tartiflette ya Ufaransa, ambayo huwa na vipande vyake.

Wenyeji husema pombe kali husaidia kusaga jibini. Mwaka wa 2010 madaktari wa Zurich walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kuwalisha fondue watu 20. Waliokunywa pombe, tumbo lao lilichukua muda mrefu zaidi kumaliza chakula kuliko waliokunywa chai ya rangi na maji. Aidha, pombe hufungua mishipa ya ngozi: wajihisi una joto, kumbe joto ndilo linalotoka. Anayetembea usiku kwenye theluji akiwa amelewa yumo hatarini kuliko mwenzake anayetetemeka.

Basi ukialikwa, nenda. Lakini mwambie mwenyeji mapema una maradhi gani, jifunze kwa mwalimu, shuka kichwa kikiuma, na uagize chai. Mwenyeji mwema hataona vibaya ukisema "hapana, nimechoka".