Filamu ya "Nixon" na Somo la Tanzia

Wengi wetu tukisikia neno tanzia hufikiria kifo tu. Filamu ya "Nixon", aliyoiongoza Oliver Stone mwaka 1995, yatuonyesha anguko la aina nyingine.

Richard Nixon, Rais wa Marekani, alijiuzulu Agosti 9, 1974. Juni 1972 watu wa kampeni yake walivunja ofisi za chama pinzani katika jengo la Watergate, naye akashiriki kuficha mambo. Ni nini kilichomnasa? Vinasa sauti alivyoviweka mwenyewe ofisini! Mahakama iliamuru kanda zitolewe, na humo akasikika akipanga njama. Basi tanzia iko hapo: aliyemwangusha ni yeye mwenyewe. Stone anamweka usiku, peke yake, akisikiliza kanda hizo hizo.

Anthony Hopkins hafanani naye hata kidogo (tena ni mtu wa Wales), lakini mabega yale yaliyoinama, wee! Unamwona mtu anayetaka kupendwa na hajui apendwe vipi.

Wenzangu wengine wanasema filamu inamtetea. Mimi nakataa. Kumhurumia mkosaji si kumwachilia. Ila ni ndefu, yapita saa tatu, kwa hivyo mtazamaji ale kwanza.