Sepsisi: Maradhi yanayojaza vyumba vya mahututi

Wengi hudhani chumba cha wagonjwa mahututi ni cha majeruhi wa ajali tu. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2012 katika nchi 84 ulionyesha kuwa karibu watu wazima 3 kati ya kila 10 waliolazwa humo walikuwa na sepsisi. Zaidi ya thuluthi moja ya hao walifia hospitalini.

Sepsisi ni nini? Viini vya maradhi vinapouvamia mwili, kinga yake huweza kupotoka na kuharibu figo, mapafu, hata ubongo. Chanzo mara nyingi ni ugonjwa wa kawaida: nimonia, mkojo unaochoma, au kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari.

Hapa Jericho wengi hununua vidonge viwili vitatu dukani, kisha wakangoja. (Muuzaji naye hakatai!) Mgonjwa akianza kuhema kasi, kuchanganyikiwa au kukosa mkojo, usingoje kupambazuke. Mpeleke Mama Lucy Kibaki au Kenyatta usiku huo huo. Presha ikishashuka, dawa yapasa kudungwa mshipani katika muda wa saa moja. Beba pia vile vidonge alivyomeza, daktari avione.