Nywele za Panja Hazingoji Mtoto Aache Ziwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka 6. Mdogo ana miezi minne na bado ananyonya. Kazi yangu ni ya kaunta, nakutana na wateja kutwa nzima, kwa hiyo kichwa lazima kiwe kimetengenezwa. Tangu mtoto afikishe miezi mitatu nywele zinanyonyoka kiasi cha kutisha. Nikichana zinajaa kwenye chanuo, nikioga zinaziba tundu la bafu. Kwenye panja ngozi inaonekana kabisa, ingawa huko, kusema kweli, zilianza kupungua hata kabla ya mimba. Naficha kwa wigi la gundi, na nikilivua nasuka rasta ndogondogo. Mwanangu mkubwa naye namsuka hivyohivyo, maana anapenda kufanana nami. Wifi yangu anasema kuna mtu ameokota nywele zangu saluni, anataka tukaangaliwe. Nimeshanunua makopo matatu ya mafuta ya kuotesha nywele, sioni kitu. Mume wangu sitaki anione kichwa wazi. Je, nitabaki na kipara?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Una matatizo mawili, nawe umeyahesabu kuwa moja. Nywele zinazojaa kwenye chanuo zina sababu yake, na panja lina sababu yake. Hilo la chanuo linatisha, lakini litapita lenyewe. Linalonitia wasiwasi ni hilo la panja, ambalo umelitaja kwa sentensi moja tu.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku zinadondoka kati ya 50 na 100 bila mtu kushtuka. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine huota palepale. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisiingie kwenye mapumziko, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa kwa nywele nzito. Ukijifungua, homoni hizo zinashuka ghafla. Nywele zote zilizocheleweshwa zinaingia mapumzikoni kwa mkupuo mmoja, na baada ya miezi miwili hadi minne zinadondoka kwa mkupuo uleule. Ndipo ulipo sasa. Aliyetoka kwenye malaria kali, taifodi au upasuaji, au aliyejinyima chakula ili apungue upesi, naye hupatwa na hali hiyohiyo miezi michache baadaye. Kwa wazazi wengi nywele huwa zimerudi mtoto anapokaribia kutimiza mwaka.

Kwa hiyo mjibu wifi yako kwa heshima kwamba hakuna aliyeokota kitu. Hela ya kwenda kuangaliwa ipeleke maabara, nitakueleza ya kupima nini.

Lakini kwanza chukua nywele chache kwenye hilo chanuo uziweke juu ya kitambaa cheusi. Zenye kidoa cheupe kwenye ncha zimetoka nzima. Hizo ni za uzazi. Vipande vifupi visivyo na kidoa vimekatika njiani, na mara nyingi sababu ni dawa ya kulainisha, moto wa pasi ya nywele au kuchana nywele zikiwa kavu. Kisha simama dirishani mchana, vuta nywele nyuma taratibu, utazame panja. Ukiona mstari mwembamba wa vinywele vifupi umebaki mbele, na nyuma yake ngozi tupu, hiyo ni alama ya nywele zilizovutwa kwa muda mrefu.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo wanawake wetu wanapopotezea nywele ambazo hazitarudi. Nywele za panja ni laini na chache. Msusi anabana vinywele vichache vya hapo, anavifungia fungu la nywele bandia zito kuliko vyenyewe, anakaza ili rasta ionekane safi. Uzito ule unaning'inia usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Ukifumua, unabandika wigi kwa gundi palepale, na ukilibandua linaondoka na vilivyosalia. Shina linalovutwa hivyo mwaka hadi mwaka huanza kwa kuuma na kutoa vipele, halafu hunyong'onyea na kuotesha vinywele vyembamba, mwishowe hufa na kuacha kovu. Kabla ya kovu nywele hurudi. Baada ya kovu hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayozirudisha.

Wala usidhani nywele zetu ndizo zenye kasoro. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1907 kwa wasichana wa Greenland waliokuwa wakizivuta na kuzifunga nywele zao kwa nguvu. Huku Afrika, Dkt. Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walipowachunguza wanawake wa Cape Town, waliukuta kwa karibu theluthi moja yao. Kinachoua shina ni mvuto, na huo unaweza kuusimamisha wiki hii.

Sikukatazi kusuka. Fumua hizo rasta, na kwa miezi kadhaa suka twende kilioni nene kwa nywele zako mwenyewe, panja liachwe nje. Wigi la kazini liwe la kofia, bila gundi, juu ya kitambaa cha satini, na ulivue ukifika nyumbani. Dawa ya kulainisha iache kwanza. Ukija kuirudia, usisuke angalau kwa wiki mbili baada ya kuitia. Siku utakaporudi kwenye rasta ziwe nene na nyepesi, zisizidi wiki sita. Na tuache kabisa huu mtindo wa kumeza Panadol ili tulale baada ya kusuka. Kichwa kikiuma, rasta zimekaza kupita kiasi.

Makopo yako matatu yaweke kando, hasa kama hayana lebo ya kueleza ndani mna nini. Mafuta ya nazi au ya nyonyo hulainisha nywele na kupunguza kukatika, na hiyo ni faida ya kutosha. Dawa iitwayo minoksidili ni kweli huwasaidia wengi, ila huhitaji miezi, na wewe unanyonyesha: usiiguse bila daktari.

Sasa maabara. Omba wapime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, kwa sababu mimba mbili zinaweza kukausha akiba hiyo. Mweleze daktari kama unachoka kupita kiasi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio au uzito unabadilika bila sababu, ili aangalie na tezi ya shingo. Kama kliniki walikupa vidonge vya kuongeza damu navyo viko kabatini, waulize kama uendelee navyo. Kula dagaa, maini, maharage, matembele na chungwa pembeni. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

Ukiona utosi unapungua huku ngozi iking'aa, au sehemu ya mviringo imenyonyoka ghafla ikabaki laini, au kichwa kinawaka moto, kinatoa usaha au magamba, usingoje. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Muhimbili wapo, na kule Moshi, KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu tangu miaka ya 1990.

Mume wako mwonyeshe, tena mapema. Akijua ni mambo ya uzazi atakusaidia; asipojua, kilemba cha kila siku atakitafutia maelezo yake.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 hakina haja ya rasta. Kama shule yake ni ya wanaonyoa, mnyoe na mshukuru. Kama sivyo, mabutu laini au twende kilioni yanamtosha, bila nywele bandia hata moja. Mkague pia kama ana mabaka ya duara yenye magamba: hayo ni mashilingi, yanaambukiza, na ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza wala si ya kupaka. Na akilia msusi anapomvuta, usimwambie avumilie. Mwambie msusi afumue palepale, hata kama umeshalipa.