Tulinde Makorongo ya Milimani kwa Ubia

Korongo la mlimani ni njia ya maji, hata linapoonekana kavu. Miti na nyasi za kingo zake hupunguza kasi ya mvua, na sehemu ya maji huzama ardhini ili kulisha chemchemi wakati wa kiangazi. Kingo zikichimbwa kwa ajili ya nyumba, udongo hulegea, na mvua kubwa huuchukua pamoja na kilichojengwa juu yake.

Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, huanzia vijito vinavyoulisha Mto Ruvu, tegemeo la maji la Dar es Salaam. Mteremko ukiharibiwa huko, hasara humfikia hata asiyewahi kuuona mlima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, katazo pekee halitoshi, linahitaji walinzi. Ndiyo maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, au kufanya makubaliano ya kusimamia msitu pamoja na Serikali, wajibu na manufaa ya kila upande vikiandikwa.

Ndugu mkazi, hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji ardhi inapojadiliwa. Kabla ya kununua kiwanja karibu na korongo, uliza kwanza ofisi ya kijiji au mtaa iwapo eneo hilo limepangwa kwa makazi. Kiwanja rahisi kilicho katika njia ya maji hugharimu kuliko vyote.