Muda ni Mfupi: Je, Mkristo Aache Kazi?

Swali: Msomaji wa Bangboka, kwenye uwanja wa ndege wa Kisangani, anauliza: kama muda ni mfupi, Mkristo aache kazi asali tu?

Jibu: Hapana. Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba muda ni mfupi, lakini katika sura hiyo hiyo, ya 7 ya Wakorintho wa Kwanza, aliagiza kila mtu akae katika hali aliyoitiwa.

Mfano ni Floribert Bwana Chui, aliyekaa katika kazi yake. Huko Goma alikuwa mkaguzi wa bidhaa, akakataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Kwa sababu hiyo aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26 tu. Alikuwa mtu wa sala pia, mwanajumuiya wa Sant'Egidio aliyewahudumia watoto wa mitaani. Ila imani yake ilipimwa kazini, kwenye mizigo aliyoikagua.

Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.