Bunduki Ndogo na Kipimo cha Baruti

Watu wengi hudhani ya kuwa mnyama mkubwa hauawi ila kwa bunduki kubwa. Habari za Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu huko Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini, zaonyesha vingine. Baadhi ya wawindaji wa siku zile walichukua bunduki za inchi .577, zenye uzito wa kilo sita hivi, na kichwa cha risasi yake, yaani kile kipande kirukacho, kilikuwa na gramu 48. Bell alipendelea bunduki ya Rigby ya inchi .275, ambayo ni kama milimita 7, na kichwa chake kilikuwa na gramu 11 tu. Kwa hiyo na nyingine ndogo aliua ndovu zaidi ya 1,000.

Bell alipata ujuzi wake kwa msumeno. Alilipasua fuvu la ndovu kutoka mbele hata nyuma apate kuona ubongo umekaa wapi. Ubongo huo u nyuma sana, nao umezungukwa na mifupa yenye vishimo vingi kama sega la nyuki. Kichwa cha risasi chenye koti gumu pande zote hakipasuki kikigonga mfupa, bali hupenya moja kwa moja. Kikifika mahali pake ndovu huanguka papo hapo. Kikikosa kwa upana wa kiganja, ndovu huenda zake na jeraha, na yeyote atakayekutana naye kesho yake, awe mchunga ng'ombe au mwanamke achotaye maji, yumo hatarini. Si kila mtu aliyekuwa na shabaha ya Bell. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa za Afrika zilikuja kukataza bunduki iliyo chini ya inchi .375 kwa wanyama wakali. Katika Kenya uwindaji wa namna hiyo ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Mahali pa haki pa bunduki ndogo, basi, ni kwa wanyama wadogo. Huko Marekani wakulima husumbuliwa na mnyama aitwaye woodchuck, ambaye huchimba mashimo mashambani na kula mimea. Kwa kazi hiyo wengi walitumia bunduki ya .22 Hornet, na tangu mwaka 1950 ile ya .222 Remington, ambayo kichwa chake chenye gramu 3 hivi huenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Mwenye kuchagua hana budi kufikiri umbali atakaopigia, kwa maana kichwa chepesi husukumwa na upepo upesi. Tena aangalie mifuo iliyomo ndani ya mtutu. Mifuo hiyo hukizungusha kichwa kisipinduke hewani, na kichwa kirefu chataka mzunguko wa haraka kuliko kifupi. Kwa hiyo bunduki mbili za kipimo kimoja huweza kupenda risasi mbalimbali.

Bell alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda ile milimita 7: risasi zake zilizotengenezwa Ujerumani zililipuka kila mara, na kwa namna moja. Umoja huo ndio utafutwao na watu wajazao risasi zao wenyewe. Ganda la shaba likiisha kutumika hurudishwa umbo lake kwa kinu kidogo cha mkono, fataki mpya hutiwa kitakoni, baruti hupimwa kwa mizani, kisha kichwa hukazwa mdomoni. Gharama hupungua, kwa kuwa ganda ndilo ghali.

Lakini hapa pana hatari. Ganda la .222 huchukua baruti ya gramu moja na theluthi hivi, nayo ni kidogo kuliko chumvi ya kijiko cha chai. Kosa la sehemu moja ya kumi ya gramu si dogo hata kidogo. Baruti ikizidi, au ikiwa ni ya bastola, ambayo kwa macho yafanana na ya bunduki, mtutu waweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Kwa hiyo mwenye busara hufuata kitabu cha watengenezaji wa baruti, huanza na kipimo cha chini, na huweka mezani kopo moja tu. Asiyependa kupima afadhali anunue za dukani.

Ganda nalo huzeeka. Shingo yake hukauka na kufanya ufa, na likionekana hivyo hutupwa. Ama risasi zile ndogo za .22 za kawaida hazijazwi tena nyumbani, kwa sababu fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako, nao huisha kupondwa mara ya kwanza.