Giya Zinapokataa Kuingia: Somo kwa Wamiliki wa Magari na Madereva wa Mpakani



Katika vijiji na miji yetu, kuanzia Rubongi na Tororo hadi Malaba na Busia za pande zote mbili, magari madogo ya mbio yenye giya za mkono yamezidi kuonekana. Vijana waliofanikiwa katika biashara huyapenda kwa wepesi wake na kwa sauti ya injini yake. Lakini mara nyingi gari ambalo mwenyewe huliita jipya huanza kusumbua kabla ya mwaka kwisha: giya ya pili inakwaruza, ya rivasi inakataa, klachi inateleza. Linapelekwa gereji, linatengenezwa, na baada ya wiki chache ugonjwa ni ule ule.

Huenda msomaji akauliza polisi wanahusikaje na giya. Wanahusika kwa njia tatu. Gari lisilotii giya ni hatari barabarani. Ununuzi wa gari bovu huzaa ugomvi ambao hapa mpakani huweza kuvuka mstari pamoja na wagombanaji. Na haja ya spea za bei nafuu hufungua mlango kwa mali ya wizi. Somo hili litayagusa yote matatu, kwa kuanza na mashine yenyewe.

1. Nguvu inavyosafiri

Injini huzungusha gurudumu zito liitwalo flaiwili. Klachi pleti hubanwa juu ya flaiwili hiyo na kupeleka mzunguko ndani ya giaboksi. Dereva akikanyaga klachi, pleti huachana na flaiwili, na giaboksi hubaki huru kubadilishwa giya. Ndani ya giaboksi mna pete ndogo za shaba nyeupe au za metali nyingine, ziitwazo sinkro. Kazi yake ni kusawazisha kasi ya vipande viwili vinavyozunguka kwa mwendo tofauti, ili meno yaingiane bila kugongana.

Kwa hiyo giya kukwaruza kuna asili mbili kuu. Ama klachi haiachii sawasawa, ama sinkro imelika. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili atatoza fedha mara nyingi na kuponya mara chache.

2. Kusoma dalili

Mmiliki anaweza kufanya uchunguzi wa kwanza mwenyewe, gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa.

Zima injini, kisha ingiza giya zote moja baada ya nyingine. Ziwapo zinaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini zote, pamoja na rivasi, zinakataa injini inapowaka, shaka kubwa ni klachi isiyoachia. Tazama kiwango cha mafuta ya klachi, uvujaji katika masta silinda na silinda ya chini, na hewa iliyoingia katika mfumo.

Ikiwa inakwaruza giya moja tu, kwa mfano ya pili au ya tatu, na nyingine zote ni nzuri, shaka iangukie sinkro ya giya hiyo.

Ikiwa giya inaingia, kisha inaruka yenyewe na kurudi nyutro, huenda uma unaosukuma giya au vishikizo vyake vimelika, au mipira inayoshikilia injini na giaboksi imechoka.

Ikiwa injini inapiga kelele kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo, klachi inateleza.

Ikiwa kuna mlio unaosikika klachi inapokanyagwa na kutoweka inapoachiwa, chunguza beringi ya klachi. Mlio ukiwapo nyutro bila klachi kukanyagwa, na kutoweka inapokanyagwa, chunguza beringi za giaboksi yenyewe.

Andika ulichokiona kabla ya kumwona fundi: giya gani, gari likiwa la baridi au limepata moto, katika mwendo gani. Maelezo hayo yatamfaa fundi, na kama tutakavyoona, yatamfaa hakimu.

3. Kwa nini ugonjwa unarudi

Sababu ya kwanza ni kutibu dalili na kuacha chanzo. Klachi pleti mpya ikifungwa juu ya flaiwili iliyoungua na kupinda, itatetemeka kama ya zamani. Mpira wa nyuma ya injini ukiwa unavujisha oili, pleti mpya italowa na kuteleza.

Sababu ya pili ni oili isiyofaa. Oili za giya hupewa madaraja, na mawili yanayojulikana zaidi ni GL-4 na GL-5. Baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa vilivyokusudiwa kulinda meno ya difu, lakini vinaweza kudhuru sinkro za shaba. Daraja kubwa si lazima liwe bora. Fuata kitabu cha mtengenezaji, wala usikubali oili isiyo na maandishi.

Sababu ya tatu ni mguu na mkono wa dereva. Foleni za malori zinazokaribia Malaba hujulikana na wote. Januari 2022, wakati wa mvutano juu ya vipimo vya Uviko, foleni hiyo ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Dereva wa gari dogo anayejipenyeza katika foleni huku ameshikilia gari kwa nusu klachi anaisaga klachi yake kila dakika. Vivyo hivyo anayepumzisha mguu juu ya pedali, anayeshikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, na anayeegemeza mkono juu ya mti wa giya. Gari la mbio nalo lina majaribu yake: kuondoka kwa kishindo ili watu wageuke. Gari lililo jipya kabisa huhitaji kuendeshwa kwa upole katika kilomita elfu moja hivi za mwanzo, au kadiri kitabu chake kinavyoagiza.

Sababu ya nne ni njia zetu. Gari lililokaribia ardhi likipita kwenye muramu na mawe hugongwa tumboni, na ufa mdogo wa giaboksi hutosha kumwaga oili polepole bila mwenyewe kujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Giya ni breki ya pili

Wengi huamini kwamba kutia gari nyutro kwenye mteremko ni kubana matumizi ya mafuta. Imani hiyo imegharimu roho za watu. Kipande cha Sachangwan, Salgaa na Migaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambacho malori ya mizigo ya Uganda hukipitia kutoka Mombasa, kimejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori, na mtindo huo wa kuachia gari lishuke nyutro umetajwa tena na tena kuwa miongoni mwa sababu. Pale Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 walipoteza maisha.

Gari likiwa katika giya ndogo, injini hulizuia. Likiwa nyutro, mzigo wote unabebwa na breki pekee. Hizo hupata moto, na breki zilizopata moto kupita kiasi hazishiki. Tena hesabu yenyewe ya mafuta si ya kweli. Injini za kisasa zenye mfumo wa sindano hukata mafuta gari linaposhuka katika giya huku dereva ameachia mwendo. Likiwa nyutro, injini huhitaji mafuta ili isizimike.

Basi mtu ambaye giya yake inaruka yenyewe asijidanganye kwamba ana kero ndogo tu. Amepoteza breki ya pili, na mteremko wa kwanza utamdai. Asiondoke hadi gari litengenezwe. Giya zikikataa safarini, awashe taa za dharura, alitoe gari barabarani kabisa, na aweke pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha. Matawi ya miti hayaonekani usiku, na hubaki njiani kuwaponza wengine. Nambari za dharura za polisi, 999 na 112, hutumika Uganda na Kenya pia.

5. Haki ya mnunuzi: jinai au madai?

Hapa ndipo wananchi wengi hupotea. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa Tororo amenunua gari la mbio kwa mfanyabiashara wa upande wa Kenya. Giaboksi imetengenezwa mara tatu na bado inakwaruza. Muuzaji amekataa kurudisha fedha. Kijana anakuja kituoni kutaka muuzaji akamatwe.

Polisi si wakusanya madeni. Gari kuwa bovu, peke yake, ni jambo la madai, na njia yake ni mazungumzo, usuluhishi, kisha mahakama ya madai. Huwa jinai pale ambapo kuna udanganyifu: hati za kughushi, gari la wizi, nambari za injini au fremu zilizobadilishwa, au fedha kuchukuliwa kwa maelezo ambayo muuzaji alijua ni ya uongo. Katika hali hizo, njoo kituoni bila kuchelewa.

Sheria haimwachi mnunuzi bila kinga. Nchini Uganda ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Nchini Kenya ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, pamoja na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa jumla, anayeuza bidhaa kama biashara yake anatakiwa auze kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi yake. Lakini mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Ndiyo maana ni busara kwenda na fundi wako kabla ya kulipa. Uganda ina utaratibu wa madai madogo kwa mashauri yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, na Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo kwa yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya.

Wenzetu wa Marekani wana sheria maalumu za magari mapya yasiyopona. Jimbo la Connecticut lilitangulia mwaka 1982. Huko, kasoro ile ile ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likikaa gereji kwa jumla ya siku 30 katika muda uliowekwa, huchukuliwa kuwa mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha, na mnunuzi huweza kudai gari jingine au fedha zake. Sheria zetu haziweki hesabu ya namna hiyo, lakini fundisho lake linatufaa: anayeshinda ni mwenye kumbukumbu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka mkataba wa mauziano, risiti za kila tengenezo, tarehe za kuingia na kutoka gereji, kilomita zilizosomwa, na barua ulizomwandikia muuzaji. Kama gari lina dhamana, isome: nyingi hazigharimii klachi pleti kwa kuwa ni kitu cha kulika, na nyingi hubatilika gari likifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Hapo utaona kwa nini tofauti ya klachi na sinkro ina thamani ya fedha.

Lililo kubwa zaidi ni hili: usikusanye vijana kuvuka mpaka ili kukamata gari, mali au mwili wa muuzaji. Aliyeingia na madai halali atatoka akiwa mshitakiwa, tena katika nchi isiyo yake, na ugomvi wa watu wawili utageuka kuwa wa jamii mbili zinazooana na kuuziana kila siku.

6. Giaboksi ya bei ya kutupa

Tengenezo likishindikana, wengi hutafuta giaboksi iliyotumika. Si kosa kununua spea iliyotumika. Kosa ni kununua mali ya wizi huku unajua. Nambari ya injini huandikwa katika hati ya gari, lakini giaboksi haina ulinzi huo, kwa hiyo risiti yenye jina na anwani ya muuzaji ndiyo ngao yako. Kupokea mali ya wizi ni kosa kubwa katika nchi zote mbili; Kenya adhabu yake yaweza kufika miaka 14 gerezani. Bei ikiwa ya kushangaza, na muuzaji akitaka mkutane usiku, jibu umekwisha kulipata.

Spea ipitishwe katika kituo cha pamoja cha mpakani, Busia au Malaba, na itangazwe kwa maofisa wa forodha. Njia za panya hugeuza spea halali kuwa magendo. Gari la nchi moja lililoharibika upande wa pili nalo lisiachwe gereji hadi kibali chake cha muda kikaisha. Watarifu forodha mapema. Hakikisha pia bima yako inavuka mpaka, kwa Kadi ya Njano ya COMESA.

Maswali ya kujadiliwa barazani

1. Giya zote zinaingia injini ikiwa imezimwa, zinakataa ikiwaka. Shaka ya kwanza iwe wapi?
2. Kwa nini kushuka mteremko nyutro ni hatari, na kwa nini hakubani mafuta?
3. Taja hali mbili zinazogeuza shauri la gari bovu kuwa jinai.
4. Katika kijiji chenu, nani anaweza kusuluhisha mnunuzi na muuzaji kabla ya shauri kufika mahakamani?

Majibu ya matatu ya kwanza yamo humu. La nne ni lenu, na maofisa wa polisi jamii wa vituo vya Tororo na Busia wako tayari kuketi nanyi barazani mnapolijadili.